Mlango wa Gari na Mguu wa Wajina Wako

Levolosi, Arusha
Jumapili, nimetoka misa ya kwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Kabla ya neno lolote naomba unisamehe. Tangu barua yako ifike pamoja na zile soksi ulizofuma, mvua zimeanza na zinakaribia kwisha, na mimi sijakujibu. Kila dada Veronika akinipigia namwambia nitaandika wiki hii, nitaandika wiki hii. Karatasi ninayo, kalamu ninayo. Niliogopa tu. Leo wajina wako amelala hapa kitandani, mguu mmoja juu ya mto, nguo nimeziloweka kwenye beseni na nimeziambia zisubiri, nikuandikie mpaka niseme yote.

Hali yako je? Kile kifua kimepungua, au bado unaamka na kukohoa kabla ya kuwasha moto? Najua Sumbawanga sasa ni baridi. Vaa sweta, usiliweke la kuendea kanisani tu. Sisi ni wazima. Baba wa mtoto yuko Babati kwenye ujenzi wa madarasa, anakuja mwisho wa mwezi, na akija analala siku nzima kama mtu aliyepigwa. Mimi bado niko kwa fundi, nashona sare za shule. Nashona na mtoto mapajani, mguu wangu kwenye cherehani, mkono mmoja kwenye kitambaa, mwingine kwake. Nimechoka Mama, sikufichi, lakini ni uchovu wa kazi, si wa ugonjwa.

Hili ninalotaka kusema sikuweza kulisema kwenye simu. Wewe husikii vizuri, na Veronika anaweka sauti kubwa mpaka majirani wa ng'ambo wanaitikia salamu. Kwa hiyo soma mwenyewe, polepole, na usilie.

Wajina wako alizaliwa na mguu wa kulia umegeukia ndani. Wayo ulikuwa unaangalia juu, kama kiganja cha mtu anayeomba kitu. Siku ile ile manesi waliniambia kwamba hutibika, watoto wengi huzaliwa hivyo, na hapana cha kulogwa wala cha mimi kukalia kinu nikiwa na mimba. Nakuandikia hilo mapema kwa sababu namjua shangazi. Akianza kusema mtoto aletwe huko akandwe na yule bibi wa mtoni, mwambie Skola amekataa. Mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Ndiyo maana ulipouliza kama soksi zinamtosha nilinyamaza. Ya kushoto ilimtosha vizuri sana. Ya kulia niliiweka kwenye kopo la vifungo.

Tiba yenyewe iko Nkoaranga, juu kwenye mlima Meru. Kila Jumatano asubuhi daktari wa miguu anakuja pale kliniki. Anaushika mguu, anaunyoosha kidogo sana, taratibu kama mtu anayefungua ukurasa uliogandamana, halafu anaufunga plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka pajani. Jumatano inayofuata anaikata, ananyoosha tena kidogo, anafunga nyingine. Hakuna kuruka wiki. Ukiruka, mguu unarudi ulikotoka na mnaanza upya. Hilo alinishika bega akaniambia mara mbili.

Sasa shida ni kufika. Kutoka mjini kuna vifodi, ndivyo wanavyoita huku haisi za abiria. Zinakwenda na barabara ya lami, halafu njia inaiacha lami na kupanda katikati ya migomba na kahawa mpaka getini kwa hospitali. Kibali chao ni cha kufika getini. Lakini madereva wengi wakifika njia panda wanageuza, kwa sababu pale abiria wa kurudi mjini ni wengi na hakuna tope. Wenyewe wanaita kukatisha. Wa juu mnashushwa na mtoto mgongoni, mnapanda kwa miguu.

Dereva mmoja tu alikuwa hakatishi. Anaitwa Amanieli, Mmeru wa huko huko juu, mtu mzima, haongei sana. Mke wake Nembris ndiye konda wake, na yeye anaongea kwa ajili ya wote wawili. Sisi akina mama wa plasta tulikuwa tukifika stendi tunatafuta gari yao. Hapa kila gari ina jina kwenye kioo cha mlango wa nyuma. Ya Amanieli iliandikwa Mama Asante. Tajiri wao, mwenye gari, ana nyingine ya ruti hiyo hiyo, rangi ile ile, imeandikwa Bado Nipo. Namba za gari hapa hakuna anayezishika kichwani, Mama. Tunasema, nimekuja na Mama Asante, nimeachwa na Bado Nipo, na kila mtu anakuelewa.

Jumatano moja Mama Asante ilikuwa imeshajaa na kuondoka, nikapanda Bado Nipo. Nilimuuliza konda kabla sijaweka mguu ndani, mnafika getini? Akasema, "Getini mpaka wodini, mama, panda." Tulipofika njia panda gari ikasimama, mvua inamwagika.

"Wa juu, mwisho wa gari."

Nikamwambia, "Kaka, tumekubaliana getini."

"Mama, hii gari haina kwato. Huoni utelezi?"

Bibi mmoja aliyekuwa na kikapu akamjibu, "Utelezi gani? Umewaona wale wa kurudi mjini pale kibandani, macho yamekutoka." Watu wakacheka, lakini tulishuka. Gari ikageuza, nikabaki naisoma mgongoni, Bado Nipo, inaondoka.

Nilipanda ule mlima na mwavuli mbovu. Nilimfunika mtoto kwa kanga, kanga ikalowa, na maji yakaingia kwenye plasta. Nilifika daktari ameshaondoka kwenda kituo kingine. Nesi aliigusa plasta, ilikuwa laini kama ugali usioiva. Haikufaa kukaa, ikabidi aitoe. Wiki nzima mtoto alikaa mguu wazi, na mimi nilikuwa nikiutazama kila asubuhi unavyorudi ndani kidogo kidogo. Mama, kuona kazi ya wiki nyingi inafumuka mbele yako na huna uzi wa kuishika, sijui niseme nini.

Sikulia. Alhamisi nilimwomba fundi ruhusa, nikaenda kwenye ofisi inayosimamia magari ya abiria. Watu walijaa kwenye benchi: mmoja kapoteza begi, mwingine katukanwa na konda, mwanafunzi kakataliwa kupanda. Zamu yangu ilipofika, afisa mwenye miwani akaniuliza namba ya gari.

"Namba siijui. Inaitwa Bado Nipo."

Akacheka. "Ya Nkoaranga? Hiyo nani haijui." Akaandika hivyo hivyo, nikatia sahihi, akanipa nakala. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki. Nilirudi nyumbani najiona mtu.

Jumatano iliyofuata nilifika stendi mapema mno, nimemfunga mtoto nailoni juu ya kanga. Natafuta Mama Asante, haipo. Wenzangu wa kliniki wako pale wamesimama, sura wamezikunja.

"Leo tunapanda kwa miguu wote," akasema mmoja. "Amanieli kakamatwa."

"Kwa lipi?"

"Kuna mama kamshitaki eti anakatisha. Amanieli! Gari imezuiwa tangu Jumamosi, yeye amekaa nyumbani."

"Huyo mama hana haya," akasema mwingine. "Ningemjua ningempa mtoto wangu ambebe mpaka juu, na wake mgongoni."

Mimi nilijua nimeshitaki Bado Nipo, kwa hiyo nikasema hapana, aliyeshitakiwa ni mwingine. Ndipo wakanieleza. Jumatano ile ile iliyonishusha, Bado Nipo iliharibika injini jioni, ikalala gereji. Mlango wa nyuma wa Mama Asante ulikuwa umegongwa, haufungi. Tajiri akasema kwa nini anunue mlango na ule mwingine umekaa bure. Wakaung'oa, wakamfungia Amanieli. Jumamosi maofisa wakaja stendi na karatasi, wakatafuta gari inayoitwa Bado Nipo, wakaiona, wakaizuia. Na ndani yake Amanieli.

Mama, karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu, inagusa mbavu zangu. Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyenijua. Lakini nilimwangalia yule aliyesema hana haya, mtoto wake ana plasta miguu yote miwili, nikaona siwezi kukaa naye benchi moja kliniki kwa uongo.

Nikasema, "Ni mimi."

Wote wakanigeukia. Halafu yule yule akauliza, "Wewe ulishushwa siku ya mvua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ulikuwa na haki. Ila umepiga jirani." Akanisaidia kumfunga mtoto vizuri. Tulipanda kifodi kingine mpaka njia panda, kikatushusha kama kawaida, tukapanda mlima pamoja, akina mama watano. Siku hiyo tulimkuta daktari. Aliupima mguu akaguna. Akasema tumerudi nyuma hatua mbili, lakini hatujapotea, tukirudi kila Jumatano bila kukosa utanyooka.

Bila kukosa. Na gari pekee iliyokuwa ikinifikisha nimeizuia mwenyewe.

Jirani yangu hapa Levolosi, Mama Glori, ni Mmeru. Nilimpigia simu pale pale nje ya kliniki nikamweleza. Akaniambia kwao mtu akikosea haendi mikono mitupu, anakwenda na jani la sale. Ni mmea wa majani marefu, wanaupanda huku. Ukimpelekea mtu jani hilo umekuja kuomba radhi, na kukataa kwake ni vigumu. Nikamuuliza nitalipata wapi. "Skola, uko Nkoaranga unaniuliza sale? Angalia pembeni ya njia."

Kweli yalikuwepo. Niliulizia nyumba ya Amanieli, wakanielekeza njia ya kupita kwenye migomba, na karibu kufika nikaona mstari mzima wa masale, nikachuma moja zuri, refu, nikalifuta umande kwa kanga. Hatua kumi mbele nikakuta uwanja, na Nembris amekaa anamenya ndizi, ananitazama. Alikuwa ameniona tangu mwanzo.

Nikapiga goti na mtoto mgongoni, nikampa jani kwa mikono miwili. Nikasema, mimi ndiye niliyeandika ile karatasi, sikujua habari ya mlango, nisameheni.

Akalipokea, akaligeuza geuza. "Amanieli, njoo uone. Kuna mtu amekuja kutuomba radhi kwa sale letu wenyewe."

Sikuelewa. Akaniambia, "Binti, huo mstari uliochuma ni mpaka wetu na shemeji. Huku mtu hagusi sale la mpaka. Shemeji akiona limechumwa atasema tunasogeza shamba." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka ndizi zikamwanguka. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Amanieli akatoka ndani, ametulia kama kawaida, akaliangalia jani, akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto na plasta yake mpya.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Mguu unaendeleaje?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza, Mama. Mtu nimemnyima kazi siku nne, anauliza mguu. Hapo ndipo nilipolia.

Walinipa maziwa na ndizi, nikala kwa aibu. Amanieli akasema, "Siku nyingine andika namba, mwanangu. Jina ni la mlango." Akaniambia ofisini walimwambia kesi haitasikilizwa mpaka mlalamikaji apatikane, na kwenye karatasi sikuandika simu yangu. Nikasema basi nimepatikana, kesho twende.

Alhamisi tulikwenda watatu, mimi, Amanieli na Nembris, na mtoto wa nne. Yule mama mwenye mtoto wa plasta mbili alikuja pia, sikumwita; naye Bado Nipo ilishawahi kumshusha njia panda. Yule afisa mwenye miwani alinisikiliza, akavua miwani, akafuta, akavaa.

"Sasa dada, hapa njia rahisi ni ufute malalamiko. Tia sahihi hapa, gari inatoka leo, kila mtu anakwenda nyumbani."

Nembris akanikonyeza, maana yake tia sahihi. Nilishika kalamu. Halafu nikaona, nikifuta, ile siku ya mvua itakuwa haikutokea. Yule mwenye injini mbovu atatengeneza, atarudi barabarani, atatushusha tena njia panda.

Nikasema, "Sifuti. Narekebisha."

"Unarekebisha nini?"

"Gari. Niliyemshitaki alifanya, na nimekuja na shahidi aliyeshushwa naye siku nyingine. Ila mlango wake uko kwa huyu baba. Andika namba ya gari iliyoko gereji. Huyu mwachie."

"Mlango?" Akamwangalia Amanieli. "Mzee, mbona hukusema habari ya mlango?"

Amanieli akasema, "Nilisema. Mkaniambia gari imeandikwa Bado Nipo."

Pale ofisini watu wa kwenye benchi wakacheka, na yule afisa naye akacheka kidogo, kwa kuwa hata yeye aliandika jina bila kuuliza zaidi. Alituma mtu gereji akasome namba. Tulikaa mpaka mchana, nikamnyonyesha mtoto pale pale. Mwisho Amanieli akarudishiwa makaratasi yake. Yule mwingine ataitwa, atasikilizwa, sijui watamfanya nini, na sitaki mabaya yake. Nataka afike getini tu.

Siku hizi nikifika stendi Nembris ananiona kwa mbali. "Jamani mpisheni mshitaki wetu akae dirishani, asije akatupeleka tena." Jina limenishika, Mama, hata nesi ananiita Mshitaki. Kile kioo wamekibandua maneno, wameandika upya Mama Asante, na Nembris anasema mama mwenyewe ni mimi, nidaiwe rangi. Na mimi siku hizi nina kidaftari. Kila gari ninayopanda naandika namba, Nembris ananicheka, lakini nimeona juzi wenzangu wawili nao wameanza.

Mtoto hajakosa Jumatano hata moja tangu hapo. Wiki hii daktari alipoikata plasta, wayo ulikuwa unaangalia chini, Mama. Chini, sakafuni, kama wa mtu. Zimebaki plasta mbili. Baada ya hapo atapewa viatu vilivyounganishwa na chuma katikati, avivae mchana na usiku kwa miezi kadhaa, baadaye akilala tu, mpaka awe mkubwa kidogo. Atalia, najua, na mimi nitaumia. Ukimsikia analia kwenye simu usiniambie nimvue. Sitamvua.

Nisalimie dada Veronika, mwambie barua hii ni yako, asiisome kwa sauti. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, mgongo wake umepona? Nisalimie mama mkubwa anayepika pale shuleni, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie asiache shule kwa sababu ya ng'ombe. Shangazi nisalimie sana, kwa upendo, na neno langu liwe lile lile. Baba yetu pale alipolala, mpalilie majani kwa niaba yangu.

Wiki ijayo dereva wa basi, yule mtoto wa katekista, anashuka huku. Mpe mzigo wangu. Usiweke vitu vingi, utaumia mgongo kuvibeba. Ninavyohitaji ni hivi tu.

Kanga zako mbili za zamani, zile zilizolainika, za kumfungia mgongoni. Mpya zinateleza kwenye plasta.

Ulezi, uliopetwa lakini usiosagwa, nitasaga mwenyewe.

Maharage kidogo yale ya njano, ya kuwapelekea Nembris na Amanieli. Nao wayaonje ya kwetu, na safari hii nisiende na mali yao.

Na soksi. Si za sufu Mama, daktari amesema uzi wa pamba, ndefu zipite juu ya kile kiatu, zisiwe na mshono kwenye vidole. Zile za kwanza zimeshakuwa ndogo, ya kushoto imechakaa na ya kulia ni mpya kabisa. Safari hii fuma pea tatu, za kulia na za kushoto sawasawa. Atazivaa zote mbili.

Mimi mwanao,
Skola